Mbwa akifumba jicho moja: jinsi ya kukitambua kidonda cha konea na kilichokileta

Mbwa aliletwa ndani ya tenga la machungwa nyuma ya baiskeli, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani. Mwenye mbwa ni mzee mmoja, mlinzi wa shamba la mkonge upande wa Pongwe, na mbwa anaitwa Simba, kama walivyo nusu ya mbwa wa mkoa huu wa Tanga. Jicho la kushoto kalifumba kabisa. Machozi yamechora mfereji mweusi kwenye manyoya, kuanzia pembe ya jicho hadi karibu na mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dokta, huyu kachomwa na mkonge. Leo siku ya sita. Dawa namtilia, lakini naona ndiyo kwanza anazidi."

Nikamwomba nione hiyo dawa. Akatoa mfukoni kichupa cha matone ya macho, kilichobaki mjukuu wake alipougua macho mekundu. Nikakigeuza nikasoma herufi ndogo za ubavuni: gentamisini, sawa, deksamethasoni, hapo sasa. Nikakitia kwenye droo nikaifunga.

Kwa Simba nitarudi. Haya nayaandika kwa ajili ya mwenye mbwa ambaye daktari wa karibu yuko mwendo wa saa tatu kwa basi, na kwa bwana mifugo kijana aliyezoea ng'ombe na kuku, sasa analetewa vijibwa vya pua bapa vya watu wa Raskazone na hajui aanzie wapi. Mimi nami nilianzia hapo hapo. Ni mtoto wa Ngamiani, nyumba ya Kishafii, ambako mbwa ni najisi. Mbwa nilimgusa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Mpaka leo mama akisikia pikipiki yangu inaingia, anatoa ndoo ya maji na kopo la udongo mlangoni. Nanawa mara saba, moja kwa udongo, ndipo napewa chakula. Kwa hiyo nikisema mshike mbwa kichwa, najua kuna msomaji atakayesita. Avae glovu, kazi iendelee.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachopitisha mwanga. Kwa mbwa unene wake ni kama nusu milimita na ushei. Juu kuna ngozi nyembamba sana, katikati tabaka nene linalobeba uzito wote, na chini yake utando laini ambao ukishapasuka, maji ya ndani ya jicho yanamwagika. Kidonda cha konea ni pale ngozi ya juu imebanduka, tabaka la katikati likabaki wazi. Mishipa ya fahamu imesongamana juu juu, na ndiyo maana mkwaruzo mdogo humliza mbwa kuliko shimo refu. Usipime ubaya wa kidonda kwa kelele za mgonjwa.

Mwenye mbwa ataona nini? Jicho linafumbwa au linapepesa ovyo, machozi hayakauki, mbwa anakimbia mwanga na kujificha chini ya kitanda, anasugua uso kwenye mkeka au kwa kucha za mguu wa mbele. Weupe wa jicho unakuwa mwekundu. Kioo kinapata ukungu, mara cheupe, mara cha bluu. Kope ya tatu, ule utando wa pembe ya ndani, unapanda na kufunika nusu ya jicho, na hapo watu husema jicho limezama. Tongotongo zikiwa za kijani au za njano, ujue wadudu, yaani bakteria, wameshaingia. Hapa pwani hicho cheupe wanakiita chamba, wengine wanasema mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni, na peke yake hamfanyi mbwa afumbe jicho. Jicho lililofumbwa linauma, na jicho linalouma halisubiri Jumatatu.

Sasa kuhusu kile kichupa cha kwenye droo. Deksamethasoni, betamethasoni, haidrokotisoni, zote ni steroidi. Zikitiwa kwenye jicho jekundu, wekundu unapungua na mwenye mbwa anafurahi. Kumbe ndani zimeufunga mkono wa mwili usiponye, na zimewapa nafasi wadudu na vimeng'enya vinavyoyeyusha konea. Mimi mwenyewe nilishafanya hivyo. Mwaka 2014 nililetewa kijibwa cha pua bapa, nikamtazama kwa tochi tu, nikasema macho mekundu hayo, nikampa matone yenye steroidi. Siku ya nne akarudishwa jicho limepasuka, na ilibidi kulitoa. Mama mwenye mbwa hakugomba, akaniuliza tu kama nilikuwa na haraka siku ile. Tangu hapo jicho jekundu halipati tone la dawa mkononi kwangu kabla halijapakwa rangi.

Utaratibu wa ukaguzi una mpangilio wake, na ukiuvuruga majibu yanadanganya.

Anza mbali. Mwache mbwa atembee chumbani bila kuguswa, uone anafumba jicho gani, anagonga vitu au hagongi. Wakati huo muulize mwenye mbwa: ilianza lini, ghafla au polepole? Kaoga sabuni gani? Amepigana na paka? Usiku anafungwa wapi? Umemtilia nini? Swali hili la mwisho liulize mara mbili, maana mara ya kwanza utaambiwa "hakuna". Nimekuta maji ya chumvi, asali, majivu, maziwa ya mama anayenyonyesha, hata ugoro. Uliza na chanjo ya kichaa cha mbwa kabla vidole vyako havijafika karibu na mdomo.

Kumshika nako kuna namna yake. Usimnyonge shingo kwa kamba. Jicho lenye kidonda kirefu linaweza kupasuka kwa presha ya kukabwa tu. Mkalishe, kichwa kiegemee kifua cha mwenyewe, mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya kisogo.

Kisha pima uoni: peleka kiganja taratibu kuelekea jichoni ukiwa mbali kidogo, bila kupunga, kwa sababu upepo wa mkono ukigusa konea mbwa atapepesa hata akiwa kipofu. Gusa pembe ya ndani ya kope uone kama inafunga yote. Mbwa ambaye kope hazifungi vizuri, iwe kwa ugonjwa wa neva ya uso au kwa sababu macho yametokeza kama ya pagi, kale kambwa ka pua bapa, konea yake hukauka katikati na kuchubuka. Mulika mboni. Ikiwa ndogo kama tundu la sindano, ndani ya jicho nako kumewaka moto.

Bado hujatia kitu. Sasa ndiyo zamu ya kupima machozi, kwa vile vikaratasi vyembamba vyenye alama za milimita. Unakunja ncha, unaichomeka ndani ya kope ya chini, unahesabu dakika moja kwa saa. Milimita 15 na kuendelea ni salama. Chini ya 10, jicho ni kavu. Chini ya 5, kavu vibaya. Katikati hapo ndipo watu wanapoteleza. Jicho linalouma linatakiwa kulia zaidi ya kawaida, kwa hiyo ukipata 12 kwenye jicho lenye kidonda, usiseme "karibu na kawaida". Hiyo ni ndogo. Pima na lile zima, ulinganishe. Ukitia ganzi kabla ya kipimo hiki umekiharibu.

Kama kidonda kina usaha au kimelainika, chukua na sampuli kwa pamba ya kijiti kutoka ukingoni mwake, kabla ya ganzi na rangi. Maabara yoyote yenye darubini inaweza kukuambia kama wadudu ni wa duara au wa fimbo. Wa fimbo nawaogopa zaidi, kwa sababu miongoni mwao yumo Pseudomonas, mla konea.

Ndipo ganzi ya matone. Ganzi hiyo ni ya meza ya daktari tu, haiendi nyumbani. Inachelewesha ngozi kuota, na mbwa asiyesikia maumivu atalikwangua jicho bila huruma. Ikishashika, pekua: pindua kope ya juu, kisha ya chini, kisha nyanyua kope ya tatu kwa koleo butu au kijiti cha pamba kilicholowa, utazame nyuma yake. Hapa ndipo vijana wengi wanaruka. Wanaona kope ya tatu imepanda, wanaiacha, kumbe mwizi kajificha nyuma ya mlango huo huo.

Mwisho, rangi. Inaitwa fluoreseini. Nunua vikaratasi vilivyofungwa kimoja kimoja. Wanaopima macho ya watu wanavyo hivyo hivyo. Ya chupa niliachana nayo, kwa sababu Pseudomonas huweza kuota humo humo, ukawa unampandia mgonjwa ugonjwa. Kikaratasi ni cha rangi ya machungwa. Kidondoshee tone la maji safi ya dripu, kisha gusa weupe wa jicho sehemu ya juu. Usiguse konea yenyewe, kikaratasi kikavu kinaacha alama, ukaja ukaiita kidonda. Mwache apepese mara mbili tatu. Suuza kwa maji ya dripu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, suuza mpaka maji yatoke meupe. Funga pazia, mulika kwa taa ya bluu. Huna, tochi ya kawaida itakusaidia kama chumba ni cha giza kweli.

Ngozi nzima ya konea inateleza, hainywi rangi. Palipobanduka panameta kijani kama taa ya msikitini usiku. Ukiona duara la kijani lenye katikati nyeusi, safi kabisa, usishangilie kwamba katikati pamepona. Ule utando wa chini kabisa nao haunywi rangi. Umefika sakafuni, na sakafu hiyo ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mbwa huyo asafiri siku hiyo hiyo kwenda kwenye upasuaji, abebwe, asiburutwe kwa mnyororo, asibanwe uso. Vilevile ukiona kijani kinafanya kijito kinachotiririka chenyewe kutoka pointi moja, jicho linavuja. Na ukiona ukingo wa kidonda umelegea kama karatasi iliyolowa, rangi ikapenya chini yake, na mbwa ni wa makamo au mzee, hicho ni kidonda sugu: ngozi inaota lakini haigandi. Mbwa wa aina ya boksa wanasifika kwa hilo, ingawa si wao peke yao.

Konea iliyolainika ikawa kama ute wa yai, ya kijivu au njano, inayotaka kudondoka, hiyo inayeyuka. Inaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Hapo hata mimi simalizi ukaguzi, napiga simu.

Sasa tufike ninapopapenda, na ndipo thamani ya rangi ilipo. Kijani kinakuambia kidonda kipo. Mahali kilipo na umbo lake ndivyo vinavyokuambia nani kakileta. Kidonda cha katikati ya konea, hasa kwa mbwa wa pua bapa, kinanipeleka kwenye ukavu au kope zisizofunga. Hawa wana konea isiyosikia sana, wanaweza kukaa na kidonda wiki nzima huku wanacheza mpira. Mistari ya kusimama, kama mikwaruzo ya uma, maana yake kuna kitu chini ya kope ya juu na kila akipepesa kinapiga mstari. Kidonda kidogo cha juu kisichopona, tafuta unywele ulioota ndani ya kope ukielekea jichoni; utahitaji lenzi ya kukuza. Kidonda cha chini au cha upande wa sikio, tazama kama kope imejikunja kwa ndani na manyoya yanasugua. Cha pembe ya ndani, chenye umbo la mwezi mwandamo, nenda nyuma ya kope ya tatu.

Mishipa ya damu nayo inahesabu siku. Haianzi kuingia kwenye konea mpaka zipite siku kadhaa, kisha inasogea kama milimita moja kwa siku. Mtu akikuambia "imeanza jana" na wewe unaona mishipa imeshaingia milimita nne, mwongezee chai aendelee kuzungumza.

Visababishi vya hapa kwetu vina sura yake. Vitabu vinaanza na kucha za paka, na ni kweli zipo. Lakini ukanda huu una mwiba wa ncha ya jani la mkonge, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Ukikuta umechoma na kipande kimebaki kimesimama kwenye jicho, usikichomoe, ndicho kizibo. Una vumbi la chokaa. Chokaa ni mbaya kuliko asidi, kwa sababu inaendelea kuchimba ndani wakati wewe unatafuta usafiri; toa chembe kwa pamba yenye maji na osha, osha, osha. Una shampuu za kuulia kupe zilizokorogwa kwa kukisia. Na una swila.

Swila akitema, analenga uso, na anafika mita mbili na zaidi. Mbwa anarudi kutoka kichakani jioni akilia, macho yote mawili yamevimba na povu mdomoni. Watu wanakimbilia mkojo au maziwa. Maji yanatosha, mengi, dakika kumi na tano hadi ishirini, yakimwagika polepole kutoka kwenye chupa au birika. Sumu yake inaunguza konea, kwa hiyo baada ya kuosha lazima apakwe rangi, macho yote mawili, hata kama moja linaonekana zima. Mkague na mwili, isije ikawa aliumwa pia.

Visababishi vingine havipigi hodi. Homa ya mbwa wadogo, ile inayotoa kamasi na kifafa, inaweza kukausha machozi. Dawa za salfa zikitumika kwa muda mrefu nazo zinaweza kukausha. Ukimpa mbwa usingizi wa upasuaji, machozi yanapungua, kwa hiyo mpake mafuta ya macho kabla hujashika kisu.

Kuna pia macho meupe ambayo hayana kidonda, na rangi itakutenganishia. Kovu la zamani ni jeupe, kavu, haliumi, halinywi rangi. Presha ya jicho hulifanya jicho kuwa gumu na la bluu, mboni imepanuka. Na mbwa wa upande wa Pangani na Saadani, kwenye mbung'o, akija na macho yote mawili meupe, ana homa, ufizi umepauka na uso umevimba, mimi natoa damu sikioni kwanza nitafute vimelea vya ndorobo, ugonjwa unaoletwa na huyo mbung'o. Jicho ni dirisha tu hapo, ugonjwa uko mwilini.

Basi Simba. Machozi milimita 22 kulia, 27 kushoto. Mkavu si yeye. Mboni ndogo. Ganzi, rangi, pazia. Kijani kikawaka pembe ya ndani, chini, mwezi mwandamo mnene, na katikati yake kumelika kuliko ambavyo ningetarajia kwa siku sita; hiyo ilikuwa kazi ya kichupa. Mzee bado anasema mkonge. Nikanyanyua kope ya tatu kwa koleo. Nyuma yake, kimelala kimezungukwa na kamasi, kuna kijiti cheusi chembamba, karibu sentimita moja, chenye meno mawili nchani. Kishona nguo. Ile mbegu inayoganda kwenye suruali ukikatiza shamba lililoachwa bila palizi.

Nilipokitoa Simba akashusha pumzi ndefu kama mtu. Nikampa matone ya antibayotiki mara nne kwa siku, atropini kidogo ya kulegeza maumivu, na kola niliyoikata kwenye ndoo ndogo ya rangi ya ukuta, kingo nimezizungushia plasta. Mkwaruzo wa kawaida unatakiwa kufunga ndani ya wiki moja. Usipofunga, usibadilishe dawa, rudi ukatafute kilichokuponyoka. Huyu nilimtaka siku ya tatu, kwa kuwa alishalika.

Siku ya tatu jicho lilikuwa wazi nusu. Siku ya kumi rangi iliteleza yote, pakabaki kovu la ukubwa wa punje ya ulezi, pembeni, mahali lisipomziba kuona. Mzee akaulizia kile kijiti. Nilikuwa nimekibandika kwa plasta kwenye daftari la wagonjwa, kando ya jina la Simba. Akakitazama sana, akaniomba akichukue akamwonyeshe nyapara, kwa sababu palizi ya upande ule wa shamba ina miezi inadaiwa.